Kili za Somo la Da Raya

Da Raya,

Kila Ijumaa nafika kaburini kwako. Nakusomea Fatiha, nikimaliza nataka kuzungumza, maneno hayatoki. Wanijua. Pale hakukosi mtu, ama ang'oa majani kwenye kaburi la babaake, ama apita na ng'ombe wake, na mie naona haya kuonekana nasema peke yangu. Basi nimeona nikuandikie. Niko kibandani kwangu, baskeli ya Mzee Shaame imelala chali mbele yangu, mwenyewe kenda Mkoani na hatorudi mapema.

Ulikuwa wanambia, Kombo, usinitumie sauti kila siku, andika. Nami nakwambia skuli nliiacha darasa la tano, nikiandika natoa makosa matupu. Weye wacheka. Ukanambia, "Andika hivyo hivyo, kusoma makosa ndo kazi yangu." Nlidhani wanifanyia mzaha.

Mama mzima. Ala kidogo, lakini ala. Siku hizi analala chumbani kwako, asema kina upepo. Sote twajua chumba kile hakina upepo. Mpapai ulootesha nyuma ya jiko umezaa, mapapai yenyewe madogo lakini matamu. La kwanza hatukujua nani alikate. Likakaa mpaka likaliwa na kunguru.

Nataka n'kwambie habari ya kili zako, ile mikanda ya ukindu aliyokusukia Mama. Lakini nikianzia katikati ntapotea, basi acha nianze mbali kidogo.

Wakumbuka nlipokuwa nakojoa damu? Watoto wa kiume sote tulokuwa tukioga mtoni tukikojoa damu, tukiona ndo mambo ya kukua, na mie kwa haya zangu sikumwambia mtu. Weye ukaona alama ukutani nyuma ya choo. Hukuniuliza. Ulinishika mkono mpaka kituo cha afya, njiani ukinihadithia habari ya kuku. Mpaka leo sijui ile hadithi ya kuku iliishaje, kwa sababu nlikuwa sikusikilizi, nliogopa sindano. Kumbe ni vidonge tu.

Ulitaka uwe daktari. Alama hazikutosha, ukalia siku ile, kisha ukenda kusoma mambo ya viumbe. Uliporudi ukapata kazi ya kuokota konokono mitoni, wale wanaobeba kichocho. Bi Mwatima jirani akikuona na mabuti ya mpira na kikapu chako akikuuliza, "Raya, leo mwapika mchuzi gani?" Na weye ukimjibu, "Wa kukukaribisha, Bi Mwatima." Mama alikuwa hacheki. Aliona mtoto wake kasoma mpaka chuo kikuu, kaishia kwenye tope.

Kisha ikaja ile habari ya herufi. Ulinieleza tumekaa hapa hapa kibandani, mie naziba pancha. Ukanambia kila konokono ana maandishi ndani ya mwili wake, herufi nne tu zinajirudia mpaka uchoke, na kwa maandishi hayo wajua huyu ni wa ukoo gani, abeba ugonjwa ama habebi. Lakini hapa kwetu hapakuwa na mtu wa kuyasoma. Mwapeleka konokono ng'ambo, mwangoja majibu. Nakumbuka ulivyokasirika. "Mto wetu, konokono wetu, watoto wetu ndo wanaoumwa, na kusoma tumngoje mtu." Ndo ukaanza kompyuta. Ukajifunza mwenyewe, ukapata kozi fupi, ukapata nyengine, mwisho ukapelekwa nje, ukakaa huko mpaka Mama akaanza kusahau sauti yako ya kawaida, akijua ile ya simu tu.

Jina la somo lenyewe, bayoinfomatiki, mpaka leo likinitoka ulimi wanipinda. Mama yeye alikuwa hajisumbui, akiliita somo la kili.

Uliporudi kufundisha pale maabara ya Wawi, shangazi alisema mbele ya watu, usomi wote ule kumbe mwalimu. Ulicheka, lakini nlikuona mkono wako ulivyokuwa ukizungusha kikombe. Usiku ule tukila ukanieleza taratibu. Wenzako ulosoma nao, wanaobaki kwenye utafiti, wanaandika makala, wanapanda vyeo. Anayefundisha anabaki pale pale, kwa sababu kufundisha hakuhesabiwi kama kazi. Na ukanihadithia wale marafiki zako wa nchi nyengine wanaofundisha somo hilo hilo. Mmoja alikuwa daktari wa mifugo. Mmoja mtu wa hesabu, hajapata kumshika konokono maishani. Mwengine alikuwa fundi wa kompyuta hospitali, akaitwa kutengeneza mashine, akauliza hii yafanya nini, ikawa ndo basi. Ukasema, "Kombo, hakuna hata mmoja wetu aloingia mlangoni. Sote tumepitia dirishani." Nlipenda neno lile. Hata mie ufundi wa baskeli sikufundishwa na mtu, nliangalia tu.

Sasa kili. Umeme ulikuwa ukikatika, kompyuta zazima, na wanafunzi wako wamekaa. Ndo ukaja kwa Mama ukamwambia, nisukie kili za rangi nne, nyekundu, kijani, zambarau, na nyeupe ya ukindu wenyewe, kila rangi ishike kiganja kimoja, kisha uibadilishe kama ntakavyokutajia. Mama kasuka mikeka tangu hajaolewa, hajapata kuletewa kazi kama ile. Ukamkalia pembeni ukimtajia, nyekundu, nyeupe, kijani, kijani, zambarau. Ukili mmoja ni konokono wa mto wetu, mwengine ni wa Konde. Ukitaka kujua undugu wao waziweka kili mbili sambamba, wazisogeza, mpaka kila rangi ikae na mwenziwe.

Siku moja Mama alipitiwa. Kijani kimoja kilimtoka, hakukisuka. Alipokuja kuona keshafika mbali, akashika kisu afumue. Weye ulimrukia mkono. "Usifumue, Mama. Hilo ndo somo lenyewe." Ukatueleza kwamba hivyo ndo inavyokuwa ndani ya mwili, maandishi yananakiliwa, pahala parukwa, na wanaozaliwa nyuma wote wanalichukua lile kosa, na kwa kosa lile ndo wawajua ni ukoo mmoja. Mama akakutazama, akasema yeye hajapata kuona skuli inayotaka makosa. Lakini alifurahi. Nliona alivyoukunja ule ukili, kwa upole kuliko zote.

Ulipofariki tulitoa nguo zako, na vyombo, kama desturi. Kili zilikuwa zimekunjwa juu ya kabati, na Mama hakumuuliza mtu. Alikaa ndani kwa siku zake za msiba akazishona zote pamoja, ikawa mkeka, akautoa sadaka kwa ajili yako pale chuoni tulipokwenda sote kusoma Kurani, watoto waukalie. Yeye aliona kazi za mikono yenu nyie wawili zisilale kabatini. Thawabu zikufikie. Nani wa kumwambia hapana? Mie nliuona wapita mlangoni, nikaupisha.

Bi Mwatima alipouona umetandikwa akamwambia Mama, "Bi Time, mara hii macho yamekuchezea, rangi zimekwenda upogo." Alikuwa hana ubaya, ndo mdomo wake. Lakini Mama tangu siku ile hakushika ukindu. Makindu yalikauka kwenye ndoo nikayatupa.

Kisha akaja Mize. Mize Faki, yule mwanafunzi wako wa maabara, mrefu, anayesema huku atazama chini kama mie. Alinikuta hapa kibandani. Akanambia ofisi imempa somo lako alishike, na asipolishika litafungwa, hakuna mwengine. Na huku kapata barua ya kazi Dar, ya utafiti, yenye njia ya kupanda. Mamaake ataka aende. Alisema atafundisha siku moja ajipime, akishindwa aende zake na moyo wake mweupe. Akaniomba kili. Alisema weye ulimfungua macho kwa zile kili, si kwa kompyuta, na bila zile hajui aanzie wapi.

Nlimwambia kili zimekuwa mkeka. Alikaa kwenye lile tairi bovu. Hakulia, ila alitaka.

Tungeweza kumwambia Mama asuke nyengine, lakini Mama alikuwa hivyo nlivyokwambia. Na kurudisha sadaka ya maiti ni jambo la aibu, hata kulisema. Basi wajua nlifanya nini, Da Raya? Nlikwenda kwa Mwalimu wa chuo. Mie. Baada ya laasiri, watoto washatawanyika. Nlizunguka kisima nikazunguka tena, mpaka mwenyewe akaniita, "Kombo, kama ni kuteka maji teka, kama ni maneno njoo." Nkamueleza kwa kukatakata. Nkamwambia hatutaki kuuchukua, ila...

Aliniashiria nikae. Kisha akasema, "Kitu kishatolewa kwa ajili ya Mungu, hakirudi nyumbani. Lakini mkeka huu mamaako kautoa ukaliwe na wanafunzi. Hao wa Raya si wanafunzi?" Akasema waje asubuhi, watoto wakiwa skuli, wavue viatu, na wakimaliza wafagie.

Wakaja na gari kutoka Wawi. Watu wazima, Da Raya, wa hospitali, wa kilimo, na yule kijana wa Konde ulokuwa ukimsifu kwamba ana maswali mabaya. Wote kitako juu ya mkeka kama watoto wa alifu. Mie nlikaa nje dirishani, nikijifanya natengeneza baskeli isokuwa na ubovu. Mama nlimwambia tu kuna wageni wa Raya chuoni. Baadaye niligeuka nikamuona yuaja, kajifunika kanga yake ya msibani, akasimama mlangoni.

Mize mwanzo sauti ilikuwa haitoki. Kili zimeshonwa, hazisogei, na yeye alizowea za kusogeza. Akatazama mkeka kwa muda mrefu. Mama alikuwa kaushona ule wa mto wetu ubavuni mwa ule uliorukwa kijani, na mwanzo rangi zafuatana vizuri, nyekundu kwa nyekundu, kisha ghafla zaachana, na toka hapo mpaka mwisho zaenda upogo. Ndo kile alichokisema Bi Mwatima. Mize akawauliza swali moja tu. "Imeharibika yote, au pahala pamoja?"

Wakabishana. Wengine wakasema nusu nzima ni mbovu. Yule wa Konde akaenda kwa magoti, akipitisha kidole, akirudi, akavua kofia yake akaiweka. Akasema hapa tu, hapa kijani kimerukwa, ukikipa nafasi yake huku kote kunakaa sawa. Nao wakainama wote kutazama, mpaka vichwa vikagongana wakacheka. Na Mize sauti ikamtoka. Akaeleza kama ulivyokuwa ukieleza weye, hata mikono, Da Raya, ile mikono yako ya kukata hewa. Sikujua kama mikono nayo hufundishwa. Nlitazama spoki.

Walipoinuka Mama akaingia. Akasema mbele yao wote, "Mie ndo nlorukwa na kijani hicho." Hakusema kwa kuona haya. Mize akamshika mkono akambusu, akamwambia wajua, Mama, ukili huo ndo ulonifanya nisome.

Wakafagia, wakaenda kwenye gari. Mize alikuwa wa mwisho kuvaa viatu. Mama akamngoja pale kizingitini, kisha akamuuliza, kama mtu anayeulizia chumvi, "Nikikusukia nyengine, mwanangu, pa kukosea ni wapi?"

Mize alibaki na kiatu kimoja mkononi. Nlijua anafikiri Dar, na mamaake, na ile njia ya kupanda. Kisha akasema, "Baada ya nyekundu ya tatu, Mama. Na ukosee ukili mmoja tu, mwengine ukae sawa."

Barua ya Dar kaijibu wiki ile ile. Hakunieleza, nimeona tu kwamba kila Jumatano yuko Wawi na kila Alkhamisi yuko kwetu, amtajia Mama rangi. Bi Mwatima naye huja kusaidia kuchambua ukindu, na Mama amgombeza kwamba asuka sawa mno.

Da Raya, somo lako halikufungwa. Ndo lilonileta kukuandikia. Mengine ni kwamba nakukumbuka, hasa nikiziba pancha, maana hakuna anayekaa kwenye lile tairi akanieleza kitu nisichokihitaji.

Mie sitosoma kompyuta, usinitegemee huko. Lakini makindu ntamkatia Mama mie, na rangi ntachemsha mie, kila zitakapotakiwa, mpaka mikono yangu ikose nguvu. Na Ijumaa hii nikija kukuzuru, hata akiwapo mtu na ng'ombe wake, ntakuhadithia kwa sauti.

Mwenyezi Mungu akupe nuru na nafasi huko uliko. Pumzika, dada yangu. Na mule nlimokosea usifumue.

Mdogo wako,
Kombo