Doa la Unyayoni mwa Mama

Busia, Jumapili

Kaka Shafiq,

Asalaam aleikum. Dada Mastula amejifungua salama, alhamdulillahi.

Lile doa jeusi unyayoni mwa Mama, tulilodhani ni mwiba, ni saratani ya ngozi. Daktari huko Tororo alisema mguu ukatwe. Mama alikataa katakata. Nikamweleza kazi yako ya maabara Nairobi, kwamba ndani ya seli mna protini zinazowasha na kuzima jeni, na kwenye saratani hii huwasha zisizotakiwa.

Akauliza, "Shafiq anaweza kuzizima?"

"Bado, Mama."

"Basi wakate," akasema. "Na kipande cha hilo doa apelekewe, ajifunzie."

Jana alikatwa mguu. Leo ameamka akauliza kama unakula vizuri huko. Njoo, kaka.

Mdogo wako,
Zainah