Mpini wa Mpera

Uriri, Jumapili mchana

Kaka Gordon,

Huku tuko wazima. Mahindi yamekomaa, Mama anakohoa kidogo tu, na mbuzi amezaa mapacha.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka nikutengenezee kisu kingine kama kile, umpelekee baba mkwe wako huko Lambwe. Neno samahani sikuliona, kwa hiyo wacha nikukumbushe. Siku tuliyomzika Baba ulichinja fahali kwa kisu changu. Wazee wakakipitisha mkono kwa mkono, wakauliza kimetoka wapi. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na sufuria ya maji. Ukasema ulikinunua Kisumu.

Najua uliogopa watasema fahali wa Baba amechinjwa kwa kisu cha mwanamke. Mbona nyama walikula, na hakuna aliyeugua?

Chuma nilikifua mimi, kutoka springi ya lori, jioni nikishatoka kufundisha. Kuhusu mpini hukuwahi kuuliza. Mpini aliusugua Baba mwenyewe kwa msasa, akiwa kitandani, wiki tatu nzima, mpaka vidole vikakataa. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho duniani, na wewe ukampa fundi wa Kisumu.

Basi kwenye kifurushi hiki nimekuwekea mpini mpya, wa mpera uleule Baba alioupanda. Nimeusugua vizuri, hautakuchoma mkono. Chuma hakimo, usihangaike kukitafuta. Chuma kanunue Kisumu.

Msalimie wifi na watoto.

Dada yako,
Trizah