Si Bega, Kaka

Kaka Ombati,

Habari za Gesima? Majani chai mnachuma, watoto hawajambo? Mimi huku Ujerumani ni mzima wa mwili, ila nimekasirika, na sitazunguka.

Jumapili mkeo Moraa alinipigia simu. "Shemeji, si bega," akasema. "Mama ako na uvimbe kwa titi. Amenionyesha mwenyewe." Mwezi wa nne sasa mama anachuliwa bega kwa dawa, kwa sababu wewe, mtu mzima na ndevu zako, daktari alipouliza anaumwa wapi ulijibu "bega", naye mama akainama akakubali!

Najua ni chinsoni, ile miiko yetu ya aibu. Mtoto wa kiume hataji mwili wa mamake, tena mbele yake. Hata mimi nimelelewa hivyo. Lakini ni heshima gani hii ya kumwacha mama aumie huku tunatazama chini?

Unajua kazi yangu hapa maabara. Tunatengeneza chembe za chuma, ndogo mno hazionekani kwa macho, tunazipaka kitu kinachoitambua saratani, kisha panya anadungwa. Zinasafiri na damu, zikiikuta saratani zinaing'ang'ania, na mashine ya sumaku inaonyesha doa jeusi pale pale. Bado tunajaribu kwa panya tu, kwa hiyo usimwahidi mama kitu. Jana niliona doa dogo kama punje ya wimbi, nikatoka nje nikalia. Panya anatafutiwa saratani kwa chuma na sumaku. Mama alihitaji neno moja tu, Ombati, na lilikushinda!

Nami sijitoi lawamani. Mama aliponiambia kwa simu bega linamsumbua, alisita kidogo. Nilisikia, nikamuuliza habari za ng'ombe.

Jumatatu mrudishe hospitali, Moraa aingie naye. Akikosa nafasi, ingia wewe, usiseme lolote, mpe daktari barua hii. Nimeiandika kwa Kiswahili makusudi, maana kwa Ekegusii neno lile lingenishinda mimi pia.

Msalimie Moraa, mwenye ujasiri kuliko sisi sote, na baba mdogo wa kule Nyaramba. Mama mwambie tu kwamba namsalimu. Yaliyomo humu usimsomee.

Ni mimi mdogo wako,
Nyakundi

Daktari, huyo mama aliyekaa mbele yako ni mama yetu. Ni titi la kushoto. Tafadhali mpime.