Neptuni Imesogea, Mama

Mwaka umetimia, Mama, tangu kile kiti chenye breki ya pili kibaki bila mwenyewe. Gari lipo. Kaka anafundisha nalo sasa, na wanafunzi wanasema akikasirika ana sauti kama yako, ila yeye hukasirika mapema zaidi. Kibao cha MWANAFUNZI bado kimefungwa juu ya paa kwa ule waya wako. Hakuna anayethubutu kuufungua, maana hakuna anayejua uliufungaje.

Tunakuandikia hapa ili na wengine wasome, kwa kuwa ulikuwa wa wengi. Nusu ya madereva wa mji huu walijifunza kushika usukani huku wakikusikia ukisema, "Breki kwanza, maelezo baadaye." Ndiyo maana wakakuita Mama Breki. Hata muuguzi aliyekuhudumia siku zako za mwisho alipita mikononi mwako. Alipokuwa akikisukuma kitanda chako kwenye korido ulimwambia, "Kona hiyo, punguza mwendo." Akapunguza.

Ulivaa viatu vya soli nyembamba ili mguu uisikie pedali. Ulikunywa chai ukiwa umesimama. Ulikuwa na kitabu kimoja tu cha kwako, kile cha nyota na sayari, ambacho mwanafunzi alikisahau kiti cha nyuma. Ulimrudishia. Alipoona jinsi ulivyokunja pembe za kurasa, akakwambia, "Mwalimu, kaa nacho tu, hiki kimeshakuwa chako."

Kutoka kitabuni ukatoka na wazo ambalo Baba alidhani ni homa. Wanafunzi walikuwa wamechoka kuzunguka uwanja wa mpira. Ulitaka waende mbali, kwa ile barabara ya mashambani, na wawe na sababu ya kwenda. "Nitawapeleka kwenye sayari," ukasema. Baba alikuwa chini ya gari la mteja, miguu tu ndiyo inaonekana. Akajibu huko huko, "Wapeleke, ila wasisahau kujaza mafuta."

Basi ukaipunguza mbingu. Kila kilomita laki mbili na nusu za angani ukazifanya mita moja ya barabara. Jua ukalichora kwenye ukuta wa ofisi, nusu duara inayovuka mlango na madirisha mawili. Mtu akiuliza nusu nyingine iko wapi, ulimwambia iko chini ya msingi, achimbe. Sayari zilitoka gereji kwa Baba. Utaridi, iliyo karibu na Jua kuliko zote, ikawa gololi ya beringi. Zuhura na Dunia, virungu viwili vya gia. Mirihi ikapata nati. Mshtarii, kubwa kuliko zote, ilikuwa tairi kuukuu, na Zohali usukani uliovishwa pete ya bati. Kwa Uranusi na Neptuni, zile za mbali kabisa, Baba aling'oa taa mbili za mbele za gari lililokwisha kufa, nawe ukazipaka rangi ya buluu.

Kila moja ukaisimamishia nguzo kando ya barabara, na kibao cha mwandiko wako, ili mtu yeyote ajitembeze mwenyewe bila kiongozi. Ramani ziko kwenye boksi la bati pale penye Jua, chukua moja, washa gari. Vibao hivyo tunavijua kwa moyo. MIRIHI: Gia ya nne hujaingiza, na umeshapita sayari nne. DUNIA: Uko hapa. Tazama kioo. ZOHALI: Usijisifu, hujafika hata theluthi. Watu wakaja, hata wasiotaka leseni. Familia nzima kwenye gari moja, watoto wakibishana nani ameiona Zuhura kwanza. Fundi cherehani mmoja alikuja na baiskeli, akaishia kwenye tairi la Mshtarii, akageuza, akasema ameona mbingu ya kumtosha.

Neptuni ilisimama mwisho, kilomita ya kumi na nane, mbele ya lango la Bibi. Si bibi yetu wa damu, lakini ukamfanya bibi wa kila mtu. Aliyefika kwake alipewa maji, na jina lake likaandikwa kwenye daftari. Miaka tisa Bibi ameandika majina. Wanafunzi wako waliliogopa daftari lile kuliko mtihani wa polisi, maana ulikuwa unasema, "Jina lako halijaandikwa na Bibi, leseni unaitakia nini?"

Sasa nifike kwenye langu, Mama. Mimi kitinda mimba wako, uliyeniita Sentimita kwa sababu nilipima kila kitu tangu nikiwa mdogo, hata vipande vya mkate vya Kaka. Mwaka wa mwisho wa masomo ya upimaji ardhi nilirudi likizo na kifaa cha kupimia nilichoazima chuoni. Nilitaka kukufurahisha. Nikapima barabara yako yote kutoka kwenye Jua, nikakuta ukweli: hadi Zohali kila kitu kiko sawa, kisha mambo yanaharibika. Uranusi niliisamehe, kwa sababu hata angani hufika mbali kiasi hicho. Neptuni haikuwa na utetezi. Ilikuwa imepita mahali pake kwa mita mia saba.

Kosa lilikuwa la matairi. Ulipima kwa mita ya gari, na mita ya gari huhesabu mizunguko ya gurudumu. Baada ya Zohali, Baba alibadilisha matairi yaliyokwisha, akaweka makubwa kidogo. Gari likawa linakwenda mbali kuliko mita inavyosema, na hakuna aliyejua.

Nilikwambia mbele ya wanafunzi wawili. "Mama, Neptuni yako iko mahali pasipo pake. Miaka yote hii unawafundisha watu kosa."

Ulichukua kitambaa ukafuta dashibodi, ukafuta tena. Usiku huo kwenye meza ya chakula ukasema, "Kama ni kosa, litasahihishwa. Lakini nani atamwambia Bibi?"

Ukaenda kumwambia mara tatu. Mara ya kwanza ulirudi ukasema, "Leo alikuwa anafua." Mara ya pili alikuwa na wageni. Mara ya tatu ulisema mlicheka sana mpaka ukasahau ulichofuata. Kisha ukaugua, na safari ya nne haikuwepo. Nimeishi na jambo hilo mwaka mzima, Mama. Nilikuwa na haki, ila sikuwa na adabu.

Ndiyo maana juzi tulikwenda. Kaka alibaki kulinda Jua. Mimi nilishika usukani, Baba akakaa kwenye kiti chako na mguu karibu na breki yako, na nyuma tukapakia mtaimbo, ndoo na mfuko wa saruji.

Bibi alikuwa amekaa langoni kana kwamba tulimwandikia barua. Tukamwamkia, akaitikia, akautazama mtaimbo.

"Mmekuja kuichukua," akasema.

Nikamweleza yote, matairi, mita, na jinsi nilivyokusema mbele za watu. Sikumficha kitu. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mama yako alikuwa akija hapa anaizunguka taa hii kama mchumba anayeogopa kusema. Nikajua ana neno. Nikawa namtilia maji, neno linarudi ndani." Akacheka kidogo, halafu hakucheka. "Sawa, mjukuu wangu. Kosa ni kosa. Lakini niambie, mkiisogeza, nani atafika hapa? Watu hawaji kwangu, wanakuja kwa Neptuni."

Baba akaniangalia. Nikatoa mfukoni gololi ndogo, haijafika hata ukucha wa kidole gumba.

"Bibi, hii ni Pluto. Ni ndogo, lakini njia yake haitulii. Kuna wakati huingia karibu kuliko Neptuni, kuna wakati hupotelea mbali sana. Hapa langoni kwako ni miongoni mwa mahali inapopita. Nimepima. Nikiiweka hapa, sijadanganya mtu."

Akaiweka kiganjani, akaisogeza karibu na jicho, akaisogeza mbali. "Mnachukua taa nzima mnaniachia punje?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na inakuja na kuondoka inavyotaka?"

"Ndiyo."

"Kama yule mjukuu wangu, haonekani mpaka sabuni imwishie." Akaifunga mkononi. "Haya. Iwekeni. Lakini muandike kwenye kibao cha Neptuni kwamba safari haijaisha, Bibi bado yuko mbele na maji yapo. Herufi kubwa. Na daftari linabaki kwangu."

Baba aliing'oa taa taratibu kama mtu anayemvua mtoto aliyelala viatu. Nikanyoosha mikono kuipokea, Bibi akanizuia. Akajifunga kanga vizuri, akaingia kiti cha nyuma na daftari lake, akaipakata Neptuni mwenyewe.

"Unakwenda wapi, mama?" Baba akamuuliza.

"Kwenye Jua. Miaka tisa natunza mwisho wa njia, mwanzo wake sijauona. Mlidhani mimi nina gari?"

Mama, ulijua hilo? Sisi hatukujua. Mamia ya watu wamefika kwake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia apande.

Tulisimama mita mia saba mbele, penye ukingo wa shamba. Baba alichimba, mimi nikapima, nikapima tena. Bibi akatuambia kama tunasubiri Neptuni ijisimamishe yenyewe tumwambie alale. Zege liliposhika kidogo tukafunga taa, nikabandika kibao kipya chini ya kile cha mwandiko wako. Chako hatukukigusa.

Tukaendelea, Jua likiwa mbele yetu sasa. Njiani Bibi akauliza kama zile sayari za kweli huko juu zimesimama hivi hivi kwenye nguzo. Nikamwambia hapana, zinatembea kulizunguka Jua. Akauliza Neptuni inakwenda mwendo gani. Nikapiga hesabu kichwani, na nusura nitoke barabarani.

"Bibi, kwa kipimo cha Mama, Neptuni hutembea karibu mita mia saba kwa mwaka."

"Mwaka mmoja?"

"Mmoja."

Tukapita nguzo ya Uranusi. Kisha akasema polepole, "Basi hatujasahihisha kitu. Mama yako amekwenda mwaka mmoja, na sayari yake imetembea mwaka mmoja. Imejisogeza."

Nawe unanijua, Mama. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nilitaka kumwambia kwamba Neptuni hulizunguka Jua, hailikaribii, kwa hiyo mwelekeo haukuwa huo. Nikaanza, "Lakini Bibi, kwa kweli..."

Gari likasimama. Mguu wangu ulikuwa kwenye mafuta. Nikamgeukia Baba. Alikuwa amekanyaga breki yako, anatazama mbele, wala hapakuwa na ng'ombe wala mtu barabarani.

"Breki kwanza," akasema. "Maelezo baadaye."

Bibi akacheka hadi akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Mimi nikaingiza gia ya kwanza upya, nikaondoa gari bila kulishtua, kama ulivyonifundisha. Maelezo sijayatoa hadi leo.

Tulifika ofisini saa kumi. Kaka alikuwa mlangoni, katikati kabisa ya Jua, na funguo mkononi. Bibi akashuka, akalitazama kutoka upande huu wa ukuta hadi upande ule. Akaweka kiganja juu ya rangi ya njano. Ukuta ulikuwa na joto la mchana kutwa.

"Kumbe nilikuwa mbali hivi," akasema. Kisha akamwomba Kaka kalamu. Akafungua daftari, akajaza mstari ambao kwa miaka tisa hakuna aliyefikiria kuujaza: tarehe, na jina lake mwenyewe. Juu yake kidogo, kwenye mstari wa peke yake, akaandika lako.

Tunaokukumbuka ni sisi: Baba, fundi wako, ambaye sasa hupima matairi kabla ya kuyafunga, Kaka, na mkewe, wifi yangu, anayezipaka upya sayari kila msimu wa mvua ukipita, wajukuu wako wawili wanaobishania Zuhura, Bibi wa langoni, na mimi, Sentimita.

Barabara yako iko wazi, Mama. Watu wanaendelea kuchukua ramani na kwenda wenyewe. Na kila mwaka Neptuni itakaposogea mita mia saba, sisi tutakuwa bado tunakutaja.