Majani ya Kabichi Kwenye Mtaro

Jumatano.

Mwenyekiti wa soko hana haya. Vitunguu vyangu kutoka Tanzania vimelala mpakani siku nne vikingoja muhuri wa forodha, na vilipofika soko letu la Kangemi leo, mafuriko yakalowesha magunia yote. Sasa ananiambia nihame mezani pangu, eti maji ni ya Mungu.

Nikamjibu, "Mvua ni ya Mungu. Majani ya kabichi yaliyoziba mtaro ni yetu, na wewe uliyaona ukanyamaza."

Mama Atieno wa meza ya pili, aniitaye shosho kama bibi yake, akacheka. "Shosho, si hata wewe hutupa humo?"

Ni kweli, nilitupa. Na naogopa kupoteza meza iliyosomesha wanangu.

Lakini sihami. Ya mpakani siyawezi, mtaro nauweza. Kesho kabla ya kufungua, kila mwenye meza aje na jembe, na mwenyekiti aingie matopeni kwanza.