Mashine Isiyopata Moto

Baba Koku,

Ile amplifaya yako ingali nzima. Naanza na hilo, maana ndilo ungeuliza kwanza, kabla yangu, kabla hata ya mtoto.

Unakumbuka siku uliyoifufua? Mgeni mmoja wa kambi ya wakimbizi aliiacha ikiwa imekufa, ndogo kama kitabu cha nyimbo, nikacheka kwamba haitaiweza kwaya yetu ya Ihanda. Ukanivuta jikoni, ukaushika mlango. "Mama Koku, ile mashine ya zamani ni hivi," ukauacha nusu wazi. "Umeme unapita kwa kujibana, unageuka joto, betri inaisha bure. Hii haijui nusu." Ukaufungua wote, ukaufunga wote, pa, pa, pa, mpaka masizi yakaangukia ndizi zangu. Transista zake, vile vilango vya umeme, hufanya hivyo maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde, ulisema. Sauti ikipanda zinakawia kidogo zikiwa wazi, ikishuka zinawahi kufunga. Kisha koili na kapasita zinayalainisha yale mapigo, spika inapata sauti peke yake. Sikuelewa yote. Nilikuwa naitazama mikono yako, ilikuwa bado na nyama.

Siku ya kukuzika, kaka yako Deusi aliomba maiki. Nilidhani atawashukuru watu. Akautaja ugonjwa wako kwa jina lake, mbele ya kwaya, mbele ya mama yako. "Alijitakia. Na mjane wake anao, msile cha mkononi mwake." Sauti ilivuka bonde, safi, kila neno. Ile mashine ya zamani ingemlia betri, angekoroma, angenyamaza. Hii yako iliendelea naye. Nikaigusa ubavuni: baridi, kama wewe.

Nikauvuta waya wa betri.

Ndipo nikasikia watu wakiziweka sahani chini.

Kesho yake Deusi akanitoa kwenye kibanja chetu. "Migomba ni ya ukoo, si ya maiti inayotembea." Tuko Nyakasimbi kwa mama yangu. Watu wanakodi mashine kwa harusi, ila wanataka niiache uani, niingie ndani, ndipo waichukue. Koku anakaa peke yake kwenye dawati.

Nakukasirikia. Uliyapata maneno ya kunieleza transista. Ya kunieleza damu yako hukuyapata. Ulijua, Baba Koku. Ulijua ukalala karibu nami...

Nakohoa tangu masika. Jumapili Deusi alinikuta nje ya kanisa, shingo yake imenenepa, akauliza kwa upole, "Shemeji, ile mashine bado ipo?" Nikajua anachosubiri.

Basi nakuahidi, wala si kwa mapenzi: nitaishi. Nitakunywa kila dawa chungu, nitalima kwa magoti, mpaka Koku awe na nyumba ambayo hakuna wa kumtoa.

Lala. Usinisubiri.

Mama Koku