Baba, Tuliwasha Hita Mlimani

Baba,

Tumefika. Nimeanza na neno hilo kwa sababu ndilo ulilotupigia simu nalo kila ulipotoka kwetu Kitale kurudi gereji Thika. Hukusalimu kwanza. "Nimefika," halafu ndiyo habari zifuate.

Tumekuja wote: Mama, sisi watoto saba, Kukhu mama yako na kuku wake wanne, ndani ya lile gari la kulala ulilolifufua mwenyewe. Mama amepata kazi kwenye kiwanda cha nguo hapa Ruiru, kwa hivyo Baba mdogo Wafula alilichukua gereji akaja kutubeba. Kukhu alipoliona likiingia bomani alisahau kwamba hauko tena. Alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu amekuja." Kisha akakumbuka, akaketi chini.

Ungecheka safarini. Kabati la vyombo bado limefungwa kwa ule uzi wa kiatu chako, lakini kila kona lilifunguka na vijiko vikatumwagikia. Kukhu alikataa kitanda. Alisema hajawahi kulala barabarani na hataanza uzeeni, akakalia debe la unga kutoka Kitale hadi Naivasha. Mimi nilikaa mbele na kitabu changu, mahali ulipokuwa ukiniweka.

Baada ya Naivasha, tulipoanza kupanda kuelekea Limuru, gari likachemsha. Tulisimama, likapoa, tukaongeza maji. Mbele kidogo, likachemsha tena. Baba mdogo akapiga usukani.

"Huyu mzee amechoka. Ikichemsha tena tunaiacha hapa, tutafute lori. Wa vyuma chakavu wataichukua."

Mama alikuwa ameshika lile pazia dogo ulilolishona mwenyewe, vibaya.

Baba, unajua vile mimi huwa. Hata shuleni nikijua jibu nasubiri mwingine aseme. Lakini nilikumbuka ile likizo tulipolijaribu gari, wewe na mimi tu, kutoka Thika hadi Witeithie. Jua lilikuwa kali, mshale wa joto ukapanda, nawe ukawasha hita. Nililia kwamba naungua. Ukaniambia, "Vumilia, Profesa. Joto tukilivuta huku kwetu, injini inapumua."

Nilisema polepole mno. Ikabidi nirudie.

"Baba mdogo, washa hita."

"Hita? Na jua hili? Hiyo umesoma kwa kitabu gani?"

"Baba ndiye alisema."

Kukhu akagonga debe lake. "Wafula! Mtoto amesema. Washa."

Akawasha. Baba, tuliiva! Madirisha yote wazi na bado jasho lilitiririka. Mwanao Simiyu alivua shati, kuku wakafungua midomo, Kukhu akawa anajipepea kwa kifuniko cha sufuria akisema, "Huyu mtoto wangu amekufa na bado anatupika." Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tukuzike. Alicheka mpaka akalia, na hatukujua tumfariji au tucheke naye, tukafanya yote mawili. Mimi nilikuwa naangalia mshale tu. Ulitulia. Ukashuka kidogo. Tulipofika juu kwenye baridi hakuna aliyeomba hita izimwe.

Sasa tuko Gitothua, mtaa wa hapa Ruiru. Nyumba ni vyumba viwili, na gari halikutoshea getini, basi limesimama nje ukutani. Mwenye ploti, anayetukodishia, alikunja uso, lakini Kukhu amempa jogoo na sasa yeye humwita Kukhu "mathee," kama mama yake. Wavulana wanalala humo. Jioni mimi nasomea pale mbele, na kiti bado kina harufu ya grisi yako.

Nimewaza sana juu ya maneno yako ya Witeithie. Miaka yote ile ulikaa peke yako Thika, ukila ugali na chumvi, ukituambia kwa simu kwamba huko ni sawa tu. Nadhani ulikuwa unalivuta joto lote upande wako ili sisi tupumue.

Pumzika, Baba. Baba mdogo hasemi tena habari ya vyuma chakavu. Amesema nikifika umri atanifundisha kuendesha. Desemba tutakuja nyumbani Kitale, kaburini kwako, kukuona, wote, kwa gari lako. Nakuahidi sitanyamaza tena nikiwa na la kusema. Na tukianza kupanda, nitaiwasha hita mimi mwenyewe.

Profesa wako,
Nekesa